P0171: Utafute hewa inayovuja au ubadilishe pampu?

Taa ya injini imewaka, mashine ya kupimia gari inasoma msimbo P0171: hewa nyingi, petroli kidogo. Mafundi wengi hukimbilia pampu ya petroli. Mimi huanza na hewa, maana bomba la mpira lililopasuka ni rahisi kuliko pampu mpya.

Kinachoamua ni asilimia ya petroli ambayo kompyuta ya gari inaongeza. Ikiwa ni 20 gari likinguruma limesimama, kisha ikashuka hadi 5 ukipandisha mizunguko kufika 2,500 kwa dakika, basi kuna hewa inayopenya baada ya sensa ya hewa (ile inayopima hewa inayoingia injini). Sikiliza mluzi mwembamba karibu na manifoldi, mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda. Ukipitisha moshi utauona ukitokea kwenye ufa. (Wapo wanaopulizia dawa ya kabureta juu ya injini ya moto. Inaonyesha, ila ni kualika moto.)

Asilimia ikipanda kadiri unavyokanyaga mafuta, hasa mlimani, shuku petroli: pima presha, angalia filta. Lakini sensa ya hewa yenye vumbi hutoa dalili hizo hizo, kwa hiyo ipulizie dawa yake ya kusafishia kabla hujatoa hela ya pampu. Usiiguse kwa kidole. Waya wake ni kama unywele.