Paa la zege au la bati?
Mabishano haya ya barazani Unguja yaanzie kwenye uzito. Zege la sentimita 15 lina kilo zipatazo 360 kwa kila mita ya mraba. Bati halifiki kilo 10. Ndiyo maana zege hudai msingi imara na nondo nyingi, na gharama hupanda tangu chini.

Kusi likivuma, uzito huohuo huwa ngao. Bati huinuliwa na upepo, kwa hiyo kenchi, yaani fremu zinazobeba paa, zifungwe barabara ukutani.

Chumvi ya bahari hula vyote. Bati hubadilishwa; lakini nondo ikipata kutu, zege hupasuka, na ukarabati wake ni mzito mno.

Unataka ghorofa baadaye, au tangi la lita 1000, yaani tani nzima, juu? Jenga zege. Mfuko mdogo, msingi mwepesi? Ningeezeka bati.