Old School RuneScape: uzoefu wangu wa kumjenga mhusika nikiwa Nairobi, pamoja na mapendekezo yangu

Mchezo ninaoutathmini hapa ni Old School RuneScape, mchezo wa mtandaoni wa ulimwengu wa mazimwi, wachawi na mapango, unaotengenezwa na kampuni ya Jagex ya mjini Cambridge, Uingereza. Nimeucheza kwa miaka kadhaa hapa Nairobi, kwa simu nikiwa njiani na kwa kompyuta nikiwa nyumbani, na nitalizungumzia jambo moja tu, yaani nafasi anayopewa mchezaji ya kumjenga mhusika wake apendavyo, na mapendekezo ambayo sisi wachezaji tumekuwa tukiyatoa kuhusu ujenzi huo. Hadithi zake na muziki wake ni mambo mazuri yanayostahili tathmini yao wenyewe.

Michezo mingi ya aina hii humtaka mchezaji achague kazi ya mhusika tangu mwanzo: awe mpiganaji, mchawi au mganga, kisha aende na njia hiyo hadi mwisho. Huku hakuna uchaguzi huo. Kila mhusika huanza akiwa na ngazi ya 3 ya mapambano, Uhai wake ukiwa kwenye ngazi ya 10 na stadi nyingine zote zikiwa kwenye ngazi ya 1, na kuanzia hapo stadi hukua kwa kutumiwa. Ukikata miti, stadi ya kukata miti inapanda. Ukipigana kwa upanga, unachagua mtindo wa pigo, na mtindo huo ndio unaoamua kama pointi za uzoefu zitaingia kwenye Mashambulizi, Nguvu au Ulinzi. Ngazi ya juu ya kila stadi ni 99, nayo huhitaji pointi 13,034,431, huku nusu ya safari hiyo ikiwa ni ngazi ya 92 wala si ya 50 kama mgeni anavyoweza kudhani. Kwa hiyo muundo wa mhusika hutokana na yale mchezaji anayoyafanya kila siku, na zaidi ya hayo hutokana na yale anayokataa kuyafanya.

Hilo la kukataa ndilo lililonifanya niupende mchezo huu, na linahitaji kuelezwa kwa hesabu. Ngazi ya mapambano ya mhusika hupatikana kwa kuchukua robo ya jumla ya Ulinzi, Uhai na nusu ya Maombi, kisha kuongeza, kwa mtu wa silaha za mkononi, Mashambulizi na Nguvu zikizidishwa kwa 0.325. Tuseme mhusika ana Mashambulizi 60, Nguvu 99, Uhai 90, Maombi 52, na Ulinzi wake umeachwa kwenye ngazi ya 1. Ngazi yake ya mapambano itakuwa 80. Mpe mhusika huyo huyo Ulinzi wa 99, naye atafika ngazi ya 105, ilhali pigo lake halijaongezeka nguvu hata kidogo. Katika eneo la Wilderness, ambako wachezaji hushambuliana, idadi ya ngazi zinazoweza kuwatenganisha wapiganaji hutegemea umbali waliokwenda ndani ya eneo hilo, kwa hiyo yule asiye na Ulinzi hukutana na wapinzani wa ngazi ya 80 akiwa na pigo ambalo wengi wao hawana. Naye hulipia fursa hiyo, kwa kuwa hawezi kuvaa deraya za maana, na sala ya Piety, inayoongeza nguvu na ulinzi kwa pamoja, inadai Ulinzi wa 70 na Maombi ya 70. Anapigana akiwa karibu uchi, akitegemea wepesi wa mikono na chakula alichobeba.

Wachezaji humwita mhusika wa namna hiyo pyua. Kati yake na mhusika wa kawaida kuna miundo mingine mingi iliyobuniwa na wachezaji wenyewe, na kila mmoja una sababu yake. Wapo wanaosimamisha Ulinzi kwenye ngazi ya 45 kwa sababu hiyo ndiyo ngazi inayotakiwa ili kuvaa kofia ya Berserker. Wapo wanaosimamisha Mashambulizi kwenye ngazi ya 60 kwa ajili ya silaha za dragoni, kisha wakaelekeza kila kitu kwenye Nguvu. Na wapo ambao hawapigani kabisa, wakabaki na ngazi ya 3 huku stadi zao za uvuvi, upishi na uchimbaji zikikaribia 99. Binafsi nawastahi sana hawa wa mwisho, kwa kuwa ulimwengu uliojaa majoka wameugeuza kuwa mahali pa kazi na subira.

Kumlinda mhusika kama huyo kunahitaji maarifa. Mjeledi uitwao Abyssal whip, ambao huhitaji Mashambulizi 70, hauna mtindo wa Nguvu peke yake. Mtindo wake wa kati hugawa pointi kwa Mashambulizi, Nguvu na Ulinzi kwa pamoja, kwa hiyo pyua anayetaka kukuza Nguvu kwa mjeledi atajikuta anaharibu alichokijenga. Kulenga kwa masafa marefu kwa upinde, na kutupa uchawi kwa mtindo wa kujihami, kote huingiza pointi kwenye Ulinzi. Kazi maalumu nazo zina zawadi zisizokataliwa: Dragon Slayer, ambayo hata asiyelipa anaweza kuifanya, humpa mchezaji pointi 18,650 za Ulinzi, na pointi hizo pekee humtoa mtu kwenye ngazi ya 1 hadi ya 33 kwa mkupuo mmoja, sawa na ngazi 8 za mapambano. Pointi zikishaingia, kufa hakuziondoi wala kukaa bila kucheza hakuzipunguzi.

Kutokana na ugumu huo, pendekezo linalorudiwa mara kwa mara ni kwamba mchezaji apewe njia ya kurudisha stadi nyuma, hata kwa malipo. Ninalipinga. Uzito wa miundo hii unatokana na kwamba ukimwona mtu mwenye Nguvu 99 na Ulinzi 1, unajua amejizuia kwa muda mrefu, amekataa kazi zenye zawadi nono na amechunguza kila silaha kabla ya kuishika. Siku njia ya kufuta itakapouzwa, alama hiyo haitakuwa na maana yoyote, na mwenye fedha atakuwa na miundo mitano kwa wiki moja. Anayetaka kujaribu mambo ya ajabu ana mahali pake tayari: misimu iitwayo Leagues, iliyoanza mwaka 2019, ambamo kila mtu huanza upya na mhusika wa muda, uzoefu huingia kwa kasi, na nguvu za ziada huchaguliwa kadiri unavyoendelea. Humo nimeona miundo ambayo katika mchezo wa kawaida ingekuwa ndoto.

Pendekezo ninaloliunga mkono kwa moyo wote ni lile la kizuizi cha hiari, yaani mchezaji aweke alama kwenye stadi asiyotaka ikue, na jambo lolote litakaloiongezea stadi hiyo pointi limuulize kwanza kabla ya kuendelea. Wapinzani wa wazo hili husema kwamba hatari ya kukosea ni sehemu ya bei ya muundo. Nawaelewa, lakini nadhani bei halali ni ile ya kukosa deraya na kukosa zawadi za kazi. Kidole kuteleza kwenye kioo kidogo cha simu ndani ya matatu inayoruka matuta ya barabarani si kipimo cha ustadi wa mtu yeyote.

Simu yenyewe inahitaji kuzungumziwa, kwa kuwa wengi wetu hapa mjini huingilia mchezoni kupitia hiyo. Toleo la simu lilitoka tarehe 30 Oktoba 2018, nalo linatumia akaunti ileile ya kompyuta, kwa hiyo kazi niliyoianza mezani naiendeleza nikiwa kwenye foleni ya magari pale Barabara ya Thika. Kuna sababu ya kiufundi inayoufanya mchezo huu utufae watu wa mbali na seva. Matendo yote huhesabiwa kwa mapigo ya sekunde 0.6, na mawasiliano ya kawaida kutoka hapa hadi seva za Uingereza au Ujerumani huchukua sehemu ndogo tu ya muda huo. Katika michezo inayodai wepesi wa kufumba na kufumbua, mtu wa Nairobi huwa ameshindwa kabla hajaanza. Hapa anashindana kwa haki, ilimradi mtandao wake usikatike. Kwenye kompyuta, programu ya RuneLite, iliyotengenezwa na watu wa nje ya kampuni na inayoruhusiwa, humwezesha mchezaji kuhifadhi mpangilio wa mavazi, silaha na chakula kwa kila shughuli, akaufungua tena anapouhitaji. Kwenye simu hakuna RuneLite. Mwenye miundo miwili au mitatu ya kupigana, ambaye leo anatumia upinde na kesho uchawi, angefaidika sana kama mchezo wenyewe ungebeba huduma hiyo kwa ukamilifu kwenye simu, na kwangu pendekezo hili lina umuhimu kuliko silaha yoyote mpya.

Kuhusu sura na mavazi, mchezo huu huonyesha kile ulichovaa kweli. Ukivaa deraya ya buluu, kila mtu anaiona. Wapo wanaotaka sura itenganishwe na kifaa, mtu avae deraya nzito na aonekane kama mvuvi. Katika maeneo ya amani sina shida na hilo, lakini Wilderness ni lazima mpinzani ausome muundo wako kwa macho, la sivyo uamuzi wa kushambulia au kukimbia unakuwa bahati nasibu. Ningefurahi zaidi kama uchaguzi wa nywele na nguo ungepanuliwa. Rasta zipo, jambo linalopendeza, lakini ningependa kumsuka mhusika wangu matuta, kumfunga kilemba kwa namna inavyofungwa mwambao, au kumvika kikoi na kanzu bila kutafuta mavazi ya jangwani yanayokaribia kufanana nayo.

Mapendekezo katika mchezo huu husikilizwa kwa kura, na hilo si jambo dogo. Toleo hili lenyewe lilizinduliwa mwezi Februari 2013, kutoka nakala iliyohifadhiwa ya Agosti 2007, baada ya kura ambayo wachezaji zaidi ya laki nne walishiriki. Kwa miaka mingi wazo jipya lilihitaji asilimia 75 ya kura ili liingie. Mwaka 2022 kiwango kilishushwa hadi asilimia 70. Stadi ya Warding ilikataliwa mwaka 2019 ingawa walioitaka walikuwa wengi kuliko wasioitaka, na stadi ya Sailing, ya kuendesha vyombo baharini, ilichaguliwa na wachezaji wenyewe mwaka 2023 kabla ya kuingia mwezi Novemba 2025. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Ironman: wachezaji walijiwekea sharti la kujitegemea, bila kununua wala kupokea chochote kutoka kwa wengine, na mwaka 2014 mchezo ukaufanya kuwa muundo rasmi. Mwaka 2021 ikaja namna ya kikundi, ya watu wawili hadi watano, ambayo naicheza na mpwa wangu na majirani wawili, yeye ndiye mpishi wetu, na swali lake la kila jioni ni, "Mjomba, leo tunahitaji samaki gani?"

Upungufu wa kura ni kwamba wengi huamua mambo ya wachache. Wanaocheza pyua ni kundi dogo, na wazo linalowahusu wao tu hupigiwa kura na watu ambao hawajawahi kukanyaga Wilderness. Pendekezo langu ni kwamba wazo la namna hiyo lionyeshe matokeo ya aina mbili, ya wachezaji wote na ya wale wanaoucheza muundo unaoguswa, ili watengenezaji wapime kabla ya kuamua. Sitaki wachache wapewe turufu. Nataka sauti yao ionekane kwenye hesabu.

Kwa gharama, sehemu ya bure ina stadi 15 kati ya 24 zilizopo, na inatosha kujifunza ujenzi wa mhusika bila kutoa shilingi. Uanachama hulipwa kila mwezi, na kwa mtu wa hapa njia rahisi ni kupitia Google Play, ambako M-Pesa inakubaliwa. Anayekusanya dhahabu ya kutosha ndani ya mchezo anaweza kununua hati iitwayo bond kutoka kwa mchezaji mwingine, na hati hiyo humpa siku 14 za uanachama.

Mgeni anayetaka kujaribu muundo wa kujizuia namshauri aanze upande wa bure. Akuze Mashambulizi hadi 40 ili ashike sime ya rune, kisha ahamie mtindo wa Nguvu na kubaki nao, na mifupa ya wanyama anaowaua aizike kwa ajili ya Maombi, akilenga ngazi ya 43, ambako hupata sala ya kujikinga na silaha za mkononi. Asiiguse Dragon Slayer mpaka awe na hakika ya anachokitaka. Akija kuamua kwamba anahitaji deraya, ataukuza Ulinzi wakati wowote, na hakuna pointi hata moja ya Nguvu aliyoichuma itakayopotea.