Ushauri wa lishe kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito: uzoefu wangu Nairobi

Kama bima imekutaka umwone mtaalamu wa lishe kabla ya kukulipia upasuaji wa kupunguza uzito, tafadhali usiende kutafuta muhuri tu. Kwenye foleni nimekaa na watu waliotaka barua waondoke, na nawaonea huruma, maana wanaacha mezani kitu watakachokihitaji maisha yao yote.

Nina kisukari na presha, na BMI yangu (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) imepita 40. Daktari wa upasuaji hakuwa na pingamizi. Masharti yaliwekwa na bima ya kazini: ripoti ya lishe ya miezi mfululizo yenye uzito wa kila ziara, ripoti ya mwanasaikolojia, na barua ya daktari inayoeleza kwamba haya ni matibabu. Barua hiyo usiidharau. Zipo bima zinazouhesabu upasuaji huu kuwa urembo na kuukataa moja kwa moja, kwa hiyo soma mkataba wako kabla hujatoa hata shilingi.

Kliniki niliyokwenda iko Upper Hill. Nilitarajia kupewa karatasi ya vyakula ambavyo hata sokoni Toi sivioni. Badala yake mtaalamu wa lishe, dada mmoja, aliniuliza nani anapika nyumbani, tunakula saa ngapi, na nikikwama kwenye foleni ya magari jioni huwa nanunua nini. Kisha akaleta ugali na mizani ndogo ya jikoni. "Mama, kata kipande chako kama unavyokata nyumbani." Nikakata. Akakipima, akaandika, halafu akakata kingine kidogo sana na kukiweka kando ya sukuma wiki na ndengu, nikaona kwa macho yangu tofauti yenyewe. Ugali hakuutukana hata mara moja, na hapo ndipo nilipomwamini.

Upasuaji nitakaofanyiwa huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa tumbo. Nafasi inayobaki ni ya kugombaniwa, kwa hiyo protini huingia kwanza: yai, samaki, omena, maharagwe laini. Mboga hufuata, wanga mwisho. Lengo ni gramu 60 za protini kwa siku au zaidi, na kwa tumbo lililopunguzwa hivyo hiyo ni kazi kweli kweli. Tulifanya mazoezi ya kutafuna polepole kwa kijiko cha chai, na kutokunywa chochote pamoja na chakula, bali kusubiri kama nusu saa baada ya kula. Kwetu chapati bila chai pembeni haijawahi kuliwa. Hili limenisumbua kuliko njaa yenyewe, na nashukuru nilianza kulizoea mapema.

Sasa malalamiko. Ripoti yangu ya kwanza ilirudishwa na bima kwa sababu haikuwa na nambari ya leseni ya mtaalamu, na ziara nyingine hazikuwa na tarehe. Mimi ndiye niliyezunguka na karatasi kati ya kliniki na ofisi ya bima, kazi ikinisubiri. Kliniki inayohudumia wagonjwa wa aina hii ilipaswa kujua bima inataka nini. Wataalamu wa lishe Kenya husajiliwa na KNDI, taasisi inayosimamia taaluma yao. Hakikisha wako ana leseni hai, nambari iandikwe, na kila ukitoka uombe nakala yako. Halafu ziara zenyewe nimezilipia mfukoni, ingawa bima ndiyo iliyozidai. Naona si haki.

Idhini imeshatoka. Hivi sasa niko kwenye mlo wa maandalizi wenye wanga na mafuta kidogo sana, ambao kwa kawaida huchukua kama wiki mbili. Nilielezwa sababu: ini lenye mafuta hulalia tumbo, na likipungua daktari hupata nafasi ya kufanya kazi kwa usalama. Kwa kuwa naijua sababu, navumilia vizuri zaidi.

Baada ya upasuaji kuna vitamini na madini ya kumeza maisha yote, B12, chuma, kalisi na vitamini D, pamoja na vipimo vya damu. Nilimuuliza ofisa wa bima kama wanavilipia. Vipimo ndiyo, vidonge hapana. Vidonge nimeviweka kwenye bajeti ya nyumbani, pamoja na ziara za baadaye kwa dada yuleyule.