Rangi ya unga ya zambarau: akriliki imekoza, pamba imeniangusha

Nilinunua pakiti mbili za rangi ya kutia nyuzi na vitambaa, ya zambarau na ya kijani, kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa mbele: "kwa vitambaa vyote". Si kweli, na ndiyo maana naandika. Rangi yenyewe sina ugomvi nayo.

Ukifungua pakiti ya zambarau unaweza kudhani umeuziwa siyo. Unga mkavu ni wa kijani, unang'aa kama mgongo wa nzi wa chooni. Chembe moja iliniponyoka ikaangukia meza yenye unyevu, na palepale ikaacha mchirizi wa zambarau wa urefu wa kidole. Ni ukoo uleule wa dawa ya zambarau tuliyokuwa tukipakwa mdomoni utotoni, kwa hiyo kuhusu nguvu yake sikuwa na shaka.

Hizi ndizo rangi za besi, wengine huziita za kationi. Zikiyeyuka majini, molekuli zake hubeba chaji chanya, nazo hung'ang'ania popote penye chaji hasi. Uzi wa akriliki, ule wa kutengenezwa unaoiga sufu, huwa na sehemu hizo tangu kiwandani. Sufu na hariri, kwa kuwa ni protini, zinazo pia. Pamba ni selulosi, yaani nyuzi za mmea, na selulosi haina cha maana cha kuishikilia rangi hii. Mwandishi wa pakiti angeongeza mstari mmoja tu wa kusema hivyo, angeniokolea fulana mbili.

Kwa akriliki nilipima gramu 1 ya rangi kwa gramu 100 za uzi. Unga ukiumwagia maji moja kwa moja unafanya mabonge, kwa hiyo niliukoroga kwanza na siki mpaka ukawa kama uji mzito, kisha nikaongeza maji ya moto. Fungu la kwanza niliharibu mwenyewe kwa haraka. Mpaka karibu nyuzijoto 75 uzi ulikuwa umepauka tu, nikadhani moto hautoshi, nikauongeza. Kumbe akriliki hujifunga hadi ifike kwenye 80 hivi, halafu hulegea na kuinywa rangi yote kwa pupa. Upande uliokuwa chini ya sufuria ulitoka mweusi kabisa, wa juu ukabaki mabakamabaka. Na ikishashika haihami tena kwenda kusawazisha makosa yako.

Fungu la pili nilipandisha joto polepole, digrii moja kila dakika mbili, huku nikigeuza uzi bila kuchoka. Mwishoni maji ya sufuria yalibaki karibu meupe, rangi yote imehamia kwenye uzi. Hapo ndipo nilipoipenda. Zambarau yake imekoza, inawaka. Soksi nilizofuma nimeshazifua mara nyingi na hazijachuja.

Fulana za pamba zilitoka sufuriani zimependeza, na suuza ya tatu ikaondoka na karibu yote. William Perkin, mkemia Mwingereza aliyeipata rangi ya zambarau iitwayo movini, huko London mwaka 1856 akiwa na miaka 18 huku akihangaikia kutengeneza kwinini, alikutana na tatizo hilihili: hariri ilikubali, pamba ikagoma mpaka itiwe kwanza tanini, ule ukakasi uliomo hata kwenye chai. Mafundi wa zamani waliikaza tanini hiyo kwa chumvi ya antimoni, ambayo ni sumu, sikuigusa. Nilijaribu kuloweka kitambaa usiku kucha kwenye chai kali ya rangi. Kilishika kiasi, lakini zambarau ilitoka imefifia, kama iliyovaliwa miaka.

Katani nayo ilinishangaza. Haikuhitaji chochote, ilidaka rangi ya kijani mara moja, na mfuko niliousuka ulikuwa wa kuvutia macho. Nikautundika dirishani. Baada ya wiki chache upande wa jua ulikuwa umepauka, na wa ukutani bado ule ule wa siku ya kwanza. Soksi za akriliki zilizoanikwa dirisha hilohilo hazijabadilika. Jua linazila rangi hizi haraka zikiwa kwenye nyuzi za asili, basi usizitumie kwa kitu cha kukaa nje.

Jingine ambalo pakiti haikusema: sabuni ya unga. Sufuria yangu ilikuwa na mabaki ya povu, na sabuni nyingi hubeba chaji hasi, zikagandana na rangi nikapata punje nyeusi zilizotapakaa kwenye uzi. Suuza chombo mpaka uchoke. Vaa glavu pia na ufunge pua unapopima unga, maana ngozi ni protini kama sufu. Kidole changu kimoja kilikaa zambarau siku sita.

Ile sufuria hairudi tena jikoni, na maji ya kijani usiyamwage mtoni, yanaua samaki. Zambarau nitanunua tena, kwa akriliki tu. Mfuko wa katani nimeuhamishia nyuma ya mlango, upande uliopauka ukiangalia ukuta.