Riba ya akiba imeshuka, hela uihamishie wapi? Mwongozo kwa mkazi wa Tanga

Mwezi wa Januari nilipita benki kuchukua taarifa ya akaunti yangu ya akiba, karatasi mbili zenye muhuri wa bluu. Ndani mlikuwa na milioni nne, hela ya duka langu la vipuri vya baiskeli huku Ngamiani, ninayoitunza kidogo kidogo nimalizie nyumba Mikanjuni. Nilikaa kwenye benchi la nje, chini ya mwarobaini, nikaitafuta riba kwa kidole, mstari kwa mstari. Mwaka mzima: shilingi 120,000. Chini yake kodi ya zuio, 12,000. Halafu makato ya mwezi, 2,000 mara kumi na mbili. Kilichobaki ni 84,000. Haijai hata mifuko sita ya saruji, na saruji tunaitengeneza hapa hapa Pongwe.

Nikarudi dirishani. Binti wa mapokezi akaniambia kwa upole, "Riba ilibadilika, mjomba. Tangazo lilibandikwa pale ukutani." Nikaenda kuliangalia. Lilikuwa nyuma ya mlango, na mlango ule mchana kutwa huwa wazi.

Tangu siku hiyo nimezunguka matawi, nimeuliza, nimesoma fomu zenye maandishi madogo mpaka macho yakauma, na hela yangu nimeihamisha. Majirani wa sokoni wameniuliza sana, ndiyo maana ninaandika. Upangaji huu wa njia tano za kuweka hela ni wa mtu wa hali yangu: una kati ya laki tano na milioni kumi, huwezi kumudu kuipoteza, na yawezekana siku mtoto akilazwa hospitali ya Bombo utaitaka sehemu yake haraka. Kama unazo milioni hamsini, au unafuga hela ya miaka ishirini, mpangilio wako utakuwa mwingine.

Kwanza upime ulipo

Asilimia iliyoandikwa kwenye bango isikushughulishe. Chukua taarifa ya miezi kumi na mbili, jumlisha riba yote, toa kodi ya zuio ya asilimia 10, toa kila makato, kisha gawa kwa salio. Mimi nilipata kama asilimia 2. Mfumuko wa bei nchini umekuwa ukicheza kwenye asilimia 3. Maana yake hela yangu ilikuwa inapungua nguvu huku mimi nikijiona mweka akiba hodari.

Wala si benki moja tu. Ukisoma ripoti za kila mwezi za Benki Kuu, wastani wa riba ya akaunti za akiba kwa benki zote umekaa karibu na hiyo hiyo asilimia 3, wakati amana za muda maalumu, yaani hela unayoifunga benki kwa muda mliokubaliana, zimekuwa zikilipa kama asilimia 8, na wenye fedha nyingi wanaokaa mezani kupatana hupewa zaidi ya hapo. Kwa hiyo kutoka akiba ya benki hii kwenda akiba ya benki ile mara nyingi ni kuhama chumba kwenye nyumba ile ile inayovuja. Faida ya kweli ipo kwenye kubadilisha aina ya akaunti.

Ninaouweka wa kwanza: Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS

UTT AMIS ni kampuni ya serikali, na mifuko yake inasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Unanunua vipande, yaani sehemu ndogo ndogo za mfuko. Hela za wote zinakusanywa na kuwekwa kwenye amana za benki na dhamana za serikali, na thamani ya kipande inatangazwa kila siku ya kazi. Mfuko wa Ukwasi ulianza mwaka 2013, na kwa miaka ya karibuni umekuwa ukikua kwa takriban asilimia 12 kwa mwaka.

Nimeupa nafasi ya kwanza kwa sababu moja kubwa: hela haifungwi. Ukiomba kuuza vipande, inafika kwenye akaunti yako ya benki ndani ya siku tatu za kazi, bila faini ya kutoka. Nilijaribu mwenyewe kabla ya kuweka kiasi kikubwa. Niliweka laki moja, nikakaa wiki tatu, nikaomba elfu hamsini kwa simu Jumatatu asubuhi. Alhamisi, nikiwa nakaza spoku za baiskeli ya mteja, ujumbe ukaingia. Nakushauri ufanye hivyo hivyo, kwa sababu ukishaona hela imerudi, woga unaisha.

Mambo mawili uyajue. Hiyo asilimia 12 hakuna aliyekuahidi. Riba za dhamana zikishuka sokoni na mfuko utapungua kasi. Na vipande si amana ya benki, kwa hiyo Bodi ya Bima ya Amana, inayowafidia wateja benki ikifilisika, haivihusu. Usalama wake unatokana na vitu ambavyo mfuko umenunua na msimamizi anayeukagua. Mimi nimeridhika nao, ila sikuweka zote.

Wa pili: akaunti ya muda maalumu, yaani fiksidi

Hapa ndipo nilipojifunza mengi, na ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Milioni nne kwa mwaka mmoja kwa asilimia 8.5 ni 340,000. Toa kodi 34,000, unabaki na 306,000. Linganisha na ile 84,000 yangu. Na hela iko benki yenye leseni, inalindwa na Bodi ya Bima ya Amana mpaka shilingi 7,500,000 kwa kila mwenye amana katika kila benki. Zamani kinga hiyo iliishia milioni moja na nusu. Ukiwa na milioni kumi na mbili, zigawe benki mbili, zote zitakuwa ndani ya kinga.

Sasa fomu. Matawi manne niliyoingia, kila moja lilinipa asilimia tofauti kwa kiasi kile kile na muda ule ule, na mawili yaliongeza nilipouliza tu, "Hamwezi kunisogezea kidogo?" Basi uliza. Hakuna aibu, hata kitenge cha sokoni hununui kwa bei ya kwanza. Nenda na karatasi yenye asilimia uliyopewa kwingine, imwekee meneja wa tawi mezani.

Kisha tafuta sehemu inayosema kitatokea nini muda ukiiva. Kwenye fomu niliyojaza mimi kulikuwa na visanduku vitatu vidogo mwisho wa ukurasa wa pili: rudisha vyote kwenye akaunti, huisha mtaji peke yake, huisha mtaji na riba. Ukiviacha vitupu, baadhi ya benki zinaihuisha zenyewe, kwa riba ya siku hiyo, na riba ya siku hiyo yaweza kuwa chini sana. Mama mmoja muuza samaki pale Deep Sea alinionyesha karatasi zake: fiksidi ya miezi sita ilijihuisha mara mbili, kila mara kwa riba ndogo kuliko ya mwanzo, naye akidhani bado anapata ile ya kwanza. Tia alama kisanduku cha kwanza, kisha andika tarehe ya kuiva kwenye kalenda ya ukutani.

La tatu, faini ya kuvunja. Ukitoa kabla ya siku, kwa kawaida riba yote au sehemu kubwa inapotea. Ndiyo maana sifungi hela yote kwenye fungu moja. Milioni tatu igawe mafungu matatu ya milioni moja, ya miezi mitatu, sita na kumi na mbili. Shida ikija unavunja fungu moja, mengine yanaendelea kulala.

Kuhusu muda: Julai 2025 Benki Kuu ilishusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi 5.75. Riba hiyo ikishuka, za amana nazo huelekea kufuata. Wakati kama huo mimi napendelea kufunga mwaka mzima kuliko miezi mitatu mitatu.

Wa tatu: hatifungani

Hatifungani ni karatasi ya deni: unaikopesha serikali au taasisi kwa miaka kadhaa, nayo inakulipa riba. Zinalipa vizuri kuliko fiksidi, na za serikali ndizo salama kuliko zote nilizozitaja. Nimeziweka ya tatu kwa sababu ya muda tu. Hatifungani za Hazina zinakwenda kuanzia miaka miwili hadi ishirini na tano, kima cha chini ni milioni moja, na riba inalipwa mara mbili kwa mwaka. Unahitaji akaunti maalumu ya dhamana, ambayo benki yako hapa Tanga inaweza kukufungulia, na unaingia kwenye mnada wa Benki Kuu kupitia benki hiyo au dalali wa soko la hisa.

Unaweza kuuza kabla ya kuiva, lakini bei ni ya sokoni. Tazama mwaka 2022: hatifungani ya miaka 20 ilikuwa ikilipa asilimia 15.49, kisha zile mpya zikashushwa hadi 12.10. Waliokuwa na za zamani wakauza kwa faida. Riba zikipanda, inageuka: mwenye haraka anauza kwa hasara.

Na sisi watu wa Tanga tuna ya kwetu. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, ilitoa hatifungani ya kijani, yaani ya miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, miaka kumi, riba asilimia 13.5, na wanunuzi wakavuka lengo. Ni fedha za kupanua mtandao wa maji hapa mjini na wilaya za jirani, maji haya haya tunayoyapata kutoka bwawa la Mabayani. Sasa ipo kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa hiyo anayeitaka atainunua kwa mtu anayeuza, kwa bei watakayopatana. Milioni nne kwa riba hiyo ni 270,000 kila miezi sita. Ningekuwa sina nyumba ya kumalizia, ningeinunua.

Wa nne: akiba ya kawaida ya benki nyingine

Hii ni kwa hela ya dharura tu. Ukihama, tafuta akaunti isiyo na makato ya mwezi, na uulize salio la chini linaloanza kulipwa riba, maana baadhi hazilipi kitu chini ya kiwango fulani. Kwa salio la laki tatu au nne, makato yanakuumiza kuliko riba inavyokusaidia.

Wa tano: SACCOS, na akiba za kwenye simu

SACCOS nazipenda kwa mkopo. Ukiwa na akiba nzuri unakopa mara mbili au tatu yake, kwa riba ya ubinadamu. Lakini kama kapu la akiba unayotaka kuichukua wakati wowote, hapana. Akiba yako ni dhamana ya mkopo wako, na ukimdhamini mwenzako inashikwa mpaka amalize. Bima ya amana haifiki huko. Hakikisha ina leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Za kwenye simu zinafaa kukusanya elfu mbili mbili za kila jioni. Zikifika laki, zihamishe. Kwa kikundi cha vikoba, M-Koba, akiba ya kikundi kwenye simu, ni bora kuliko sanduku la kufuli tatu nyumbani kwa mweka hazina.

Kwa asiyetaka riba

Wengi hapa Tanga hawali riba, na orodha hiyo ya juu haiwafai: hata Mfuko wa Ukwasi unaweka hela kwenye amana za riba. Tazama Amana Bank, iliyoanza mwaka 2011 kwa misingi ya sharia, au madirisha ya benki kubwa kama Al Barakah ya CRDB. Ulizia akaunti ya mudharaba, ambayo wewe unatoa hela, benki inaizungusha kwenye biashara, na faida mnagawana. Swali la kuuliza ni mgawanyo: faida ikipatikana, mwenye hela anapata mafungu mangapi na benki mangapi, na miezi kumi na mbili iliyopita waliweka nini mkononi mwa mteja. Waombe wakuonyeshe kwa maandishi.

Namna ya kuhama bila kupoteza

Usifunge akaunti ya zamani siku ya kwanza. Uliza riba inaingizwa lini: mwisho wa mwezi, robo au nusu mwaka. Ukifunga wiki moja kabla, ya kipindi kile imekwenda. Fungua mpya kwa kitambulisho cha NIDA, hamisha kiasi kidogo kwanza, thibitisha kimefika, kisha hamisha kilichobaki. Uliza gharama ya kuhamisha kabla, kwa sababu TISS na TIPS, mifumo miwili ya kuhamisha hela kati ya benki, hazina bei moja. Badilisha maelezo popote unapolipwa: mwajiri, mfuko wa pensheni, mteja wa jumla. Acha salio dogo mwezi mmoja, kisha funga kwa barua, na udai nakala yenye muhuri. Akaunti isiyofungwa huendelea kukatwa mpaka inakuwa na deni.

Mimi niliweka milioni mbili na nusu Mfuko wa Ukwasi, milioni moja fiksidi ya mwaka, laki tano nikaiacha akiba isiyo na makato, karibu na duka. Fiksidi inaiva Februari, na fundi wa bati nimeshamwambia mwezi huo huo.