Ramani ya dunia uliyojibunia izunguke kama tufe: pesa yako iende wapi kwanza

Wasee wa kuchora dunia zenu, hii ni yenu. Naulizwa kila mara ninunue nini ndio ramani yangu izunguke kama ile tufe ya darasani, na wengi wakiuliza tayari washatuma pesa mahali.

Mimi niko Kisumu, na kwa dunia yangu bara kubwa linaitwa Apuoyo, yaani sungura kwa Kijaluo, kwa sababu liko na umbo la sungura, masikio mawili marefu yanapanda hadi kaskazini kabisa. Kwa karatasi yalikuwa yanapendeza sana. Siku ya kwanza kuliweka kwa tufe, masikio yakabanana pale juu kama mdomo wa gunia la mahindi lililofungwa kamba, na mto niliokuwa nimeuchora katikati yake, nimeuchora siku tatu nzima, haukuonekana tena. Niliumia roho. Kumbe shida haikuwa programu, ilikuwa ramani, na hata ningelipia programu ya bei gani masikio yangebanana tu.

So kabla ya shilingi yoyote, rekebisha ramani. Tufe linataka picha yenye upana mara mbili ya urefu, mfano pikseli 4096 kwa 2048. Ule mstari wote wa juu kabisa kwa picha, kutoka kushoto hadi kulia, kwa tufe ni nukta moja, ndio ncha ya kaskazini, na wa chini vivyo hivyo. Sisi wa huku ikweta inatupitia hapo Maseno kwa barabara ya Busia, na pale kwa ikweta mchoro unakaa vile ulivyouchora. Ukipanda hadi digrii 60 upana unabaki nusu, kwa hivyo kisiwa cha huko unakichora kikiwa kipana mara mbili ya vile unataka kionekane. Halafu makali ya kushoto na kulia lazima yashikane: kwa GIMP, programu ya kuhariri picha, ingia Layer, Transform, Offset, sukuma picha nusu ya upana, ile mshono itakuja katikati uione na uifunike kwa brashi. GIMP ni ya bure.

Ukimaliza hapo ndio tuongee kununua.

Namba moja kwangu ni Blender, programu ya kutengeneza vitu vya 3D, na hiyo nayo ni ya bure, unalipa tu bando ya kuidaunilodi. Pesa inaenda kwa laptopu. Na hapa mnisikize vizuri kwa sababu hapa ndio niliumia mimi: nilinunua ex-UK kwa duka moja, RAM 8 safi, SSD safi, nikafika nyumbani Blender ikakataa kufunguka kabisa. Blender kuanzia toleo la 4 inataka kadi ya grafiki inayoweza OpenGL 4.3 (njia programu inatumia kuchora kupitia kadi), na zile laptopu za zamani za Intel HD 4000 hazifikishi hapo, hata uongeze RAM mara ngapi. Siku hizi naenda dukani na Blender ndani ya flashi, ile ya kufungua bila kuinstall, namwambia muuzaji tuifungue hapa hapa kabla sijatoa simu. Ikifunguka na mpira ukazunguka bila kukwama, ndio naanza kuongea bei.

Kazi yenyewe si ngumu: weka UV Sphere, ule mpira wa Blender, ivishe picha yako, bonyeza Shade Smooth ilainike, halafu zungusha kwa mhimili wa Z kutoka digrii 0 hadi 360. Ukitaka sekunde 10 kwa fremu 24 kila sekunde hizo ni fremu 240, lakini ile 360 iweke kwa fremu ya 241 na video ikatwe 240, la sivyo fremu ya mwisho inafanana na ya kwanza na tufe linaonekana kama limejikwaa. Mwendo pia uuweke Linear, yaani kasi moja, kwa sababu usipoweka tufe linaanza polepole, linakimbia, linapoa tena. Kaskazini ikiwa juu, nchi zitembee kutoka kushoto kwenda kulia, ndivyo dunia yetu inavyozunguka. Kitu kingine kinachonifanya niipende, unaweza kuchora juu ya mpira wenyewe, Texture Paint, na hivyo ndivyo niliokoa masikio ya Apuoyo, nilienda nikayachora upya pale pale kwa ncha.

Namba mbili ni ya mtu hana laptopu ya nguvu. Tovuti ya Map to Globe inafunguka kwa brauza, unaipa picha, unazungusha kwa kidole, basi, hata saiba utaifanya. Ukitaka GIF, ile picha inayocheza, ya kutumia watu, GIMP 2.10 iko na Spinning Globe ndani ya Filters, Animation. Mimi huweka fremu 36, kila moja digrii 10. Haing'ai kama ya Blender ila inatosha.

Namba tatu ni tufe la kushika, na moyo wangu uko hapa. Nilifanya na mtoto wa dada yangu likizo, mpira wa plastiki wa kipenyo cha sentimita 20, magazeti tabaka kwa tabaka na gundi ya uji wa unga wa ngano. Mzunguko wa mpira kama huo ni sentimita 62.8, so unakata vipande 12 vyenye ncha huku na huku, urefu 31.4 kila kimoja, katikati upana 5.2, ukipanda sentimita 5.2 kutoka katikati upana uwe 4.5, ukifika 10.5 uwe 2.6, halafu kinaisha kwa ncha. Tulibandika vikiwa vitupu tukachora baadaye kwa mkono, kwa sababu ukichora kwanza mistari haikutani. Ekseli ni spoki ya baiskeli, imeinama kama digrii 23 na nusu. Kanunue karatasi nzito kidogo, ile nyepesi ikinywa gundi inakunjamana na huwezi kuinyoosha tena.

Namba nne, kulipa fundi wa 3D. Si vibaya kama huna wakati, lakini usitume deposit kabla hajakutumia vitu viwili vya ramani YAKO: picha ya tufe likitazamwa moja kwa moja kutoka juu ya ncha, na picha ya upande wa nyuma pale makali yanakutana. Mimi nilitumiwa video nzuri ya upande wa mbele tu, nikamaliza malipo, kumbe nyuma kuna mshono mweupe kutoka kaskazini hadi kusini.

Mwisho kabisa naweka programu za kulipia kila mwezi ati juu ya tufe peke yake. Photoshop mtu akikuambia ununue kwa sababu hii mwambie Adobe walishaondoa mambo ya 3D humo. Wonderdraft unalipa mara moja na kwa kuchora ramani ni nzuri sana, nawasifu, ila ni ya ramani bapa, tufe utarudi kulitafuta kwa Blender tu.