TAHADHARI: Winga wa N95 pale Gerezani amenipiga mchana kweupe

Mnisamehe uandishi, bado nina hasira. Na wale mtakaokuja kunicheka, najua. Nyumbani naimbiwa tangu Jumamosi, msijisumbue.

Laki moja na themanini imekwenda. Saa nane mchana, jua linawaka, hatua chache kutoka kituo cha mwendokasi Gerezani, Kariakoo, watu wamejaa, na katika mazungumzo yale yote mimi ndiye niliyekuwa najifanya mjuaji. Aliyenitapeli ni winga, yaani dalali asiye na duka, na simu yenyewe Nokia N95. Mnanijua mimi na N95, sianzi upya.

Anayecheka eti nani ananunua N95 miaka hii, basi hakuwepo. Ile simu imeingia sokoni Machi 2007, kamera megapikseli 5, lenzi ya Carl Zeiss, inajirekebisha fokasi yenyewe, inarekodi video fremu 30 kwa sekunde, ina GPS, ina Wi-Fi. Sisi wengine tulikuwa na simu za tochi! Bwenini alikuwa nayo mmoja tu, na tulikuwa tunapanga foleni kuishika. Kupiga hapana, kuishika tu. Bei yake ingemeza bumu lote, ule mkopo wa chuo, na deni juu. Kwa hiyo nilipoiona kwenye lile grupu, "N95 orijino, used ya Uingereza, haina mkwaruzo", mkono uliandika kabla akili haijakaa sawa.

Sasa niwaambie kwa nini nilimwamini, maana mnaniona mjinga. Kijana kanikuta na shikamoo. Shati limenyooshwa, beji shingoni. Tapeli gani anakuamkia? Nikamtega, nikamuuliza kama ndiyo ile ya 8GB. Akacheka, akasema, "Hapana kaka mkubwa, ya 8GB haina kifuniko cha lenzi, hii inacho." Na ni kweli kabisa! Ile ya 8GB waliondoa kifuniko. Winga anayelijua hilo utamshukuje? Mimi nilijiona nimekutana na mwenzangu.

Akanipa mkononi. Jamani, ilikuwa yenyewe, na hili nitalisema hata mahakamani. Nikaisukuma juu, vitufe vya namba vikatokea. Nikaisukuma chini, vikatokea vile vinne vya muziki na kioo kikalala upande, kama zamani. Nikafungua mgongo, betri BL-5F. Nikaweka laini yangu, nikaiwasha, nikaona ile mikono miwili ya Nokia inashikana, moyo ukaruka. Nikabonyeza *#0000#, ikaja RM-159, ndiyo N95 yenyewe. Nikampigia mama watoto, akapokea, nikamwambia "sikia sauti ilivyo safi", akakata. Nikageuza nyuma, nikavuta kifuniko cha lenzi, kamera ikafunguka yenyewe. Nikapiga picha ya basi la mwendokasi linageuza, nikaikuza, namba za basi zinasomeka. Nilimwonyesha yeye mwenyewe! Nikamweleza mambo ya fokasi, naye anatikisa kichwa, "Kaka wewe unazijua, wateja wengine wananisumbua bure."

Nikatuma hela. Meseji ikaingia kwake, akanionyesha, akashukuru.

Halafu ndipo akasema neno ambalo nalisikia mpaka usingizini: "Toa laini yako kaka, nikufungie vizuri, vumbi la hapa litaua lenzi." Nikatoa. Mimi mwenyewe, kwa kucha zangu, nikatoa laini, nikamrudishia simu niliyokwisha kuilipia. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa ananijali! Akainamia begi, akatoa boksi na ile nailoni ya viputo. Hapo hapo akatokea kijana mwingine kunigusa bega, eti basi la Kimara linapakia upande gani. Nikageuka kumwonyesha. Sekunde nne, tano. Niliporudisha macho, boksi limeshafungwa na selotepu inazungushwa raundi ya sita. Nikaona jamaa anafanya kazi kwa umakini. Nikamwachia na buku mbili ya soda.

Rudieni hapo. Nimempa ya soda.

Njia nzima nimepakata boksi kama mtoto mchanga. Nyumbani nikaita familia yote sebuleni, nikatoa hotuba, watoto wakae wajifunze simu za kamera zilianzaje. Nikakata selotepu kwa kisu cha jikoni. Kwa macho ni N95, ina hata maandishi yake. Nikaisukuma juu, sawa. Nikaisukuma chini. Haiendi. Nikaongeza nguvu, ikalia kak! Nikasema labda vumbi. Nikavuta kifuniko cha lenzi, hakivutiki, nikakwangua kwa kucha: ni mstari tu wa plastiki. Nikaiwasha, hakuna mikono inayoshikana. Ukapigwa muziki mmoja wa mnada, jirani akachungulia. Nikasema subirini niwaonyeshe picha ya basi niliyoipiga. Nikafungua. Hakuna picha hata moja.

Hapo ndipo nilipoelewa. Miguu iliisha nguvu.

Nikafungua mgongo, nafasi za laini mbili. N95 gani ya laini mbili? Pembeni kuna kijiti nikakivuta, kikarefuka, kikarefuka, antena ya TV. Nikapiga picha ya mke wangu kwa hasira, ikatoka kama uji uliomwagikia kanga. Akaitazama, akaniuliza taratibu, "Hii ndiyo mliyokuwa mnaipangia foleni?"

Nilidhani haya madude yaliisha Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki. Nikabonyeza *#06#, nikatuma ile IMEI, namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090 kuihakiki, jibu likaja na jina la simu nyingine kabisa, hata siyo Nokia. Kwa hiyo wanaazima namba za simu halali na kazi inaendelea. Nimekwenda kuripoti, RB, ile namba ya taarifa ya polisi, nimepata, afande akaniuliza risiti iko wapi. Risiti! Nikatazama chini.

Dalili zilikuwepo, nakiri. Hela ilikwenda kwa jina la kike, akasema laini ya mama yake. Duka hakuwa nalo, kila nikisema tukutane dukani anasema bosi hapendi. Picha za tangazo lake zilikuwa na vivuli tofauti, kama zimepigwa nyumba tatu. Yule wa Kimara naye, kituo kina vibao kila mahali, aniulize mimi nina nini? Mengine nimesahau, kichwa kinauma. Ila laini ikishaingia kwenye simu na hela imeshatoka, simu isirudi mkononi mwake. Hata akisema ifungwe, hata akisema lenzi inakufa, acha ife ikiwa mfukoni mwako.

Na huyu kijana nataka afungwe. Wanaosema apigwe, hapana, mtamuua bure. Mimi nataka akalime mahindi gereza la Ukonga, na kila Jumapili apigwe picha kwa hii hii kamera aliyoniuzia, zibandikwe Kariakoo nzima, asijitambue mwenyewe. Yule mwenzake wa Kimara apewe jembe la pili. Na ile shikamoo yake nairudisha, sikuitikia kwa moyo.

Ni mwembamba, ana pengo la juu, anapenda kusema "kaka mkubwa". Akaunti aliifuta usiku ule ule. Namba yake ninayo, anayetaka kulinganisha na yake aje pembeni, siiweki hapa. Tayari wawili wameniandikia, mmoja wao alifungiwa Samsung, akakuta kipande cha kigae.

Simu ipo juu ya kabati. Mdogo kabisa ameichukua jana, amevuta antena yote, anatafuta katuni. Mitambo ya TV ya analojia Dar ilizimwa 31 Desemba 2012. Anaona chenga tu, lakini hajakata tamaa.